Mchezo Uliosahihishwa na Kijiji Kizima

Kabla ya mbao ya kwanza kukatwa, ukumbi wa Kamiriithu ulipangwa ardhini kwa njiti za kiberiti. Ilikuwa mwaka wa 1977, katika kijiji hicho cha Limuru, kaskazini-magharibi ya Nairobi. Vijana wa kijiji walipanga na kupangua vijiti: hapa jukwaa, pale watazamaji, mlango wa kuingilia uelekee wapi, wachezaji wabadilishie nguo wapi. Aliyewaongoza alikuwa mfanyakazi wa ofisini, wala hakuna msanifu majengo aliyeitwa. Waliporidhika na ramani ya vijiti walitengeneza kielelezo kidogo, na kutokana na kielelezo hicho wakajenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketisha watu zaidi ya 2,000, wenye jukwaa lililoinuliwa, vyumba vya wachezaji vilivyoezekwa, stoo, na milango ya kuingilia na kutokea.

Miaka mitano baadaye serikali ilituma polisi wenye silaha, malori matatu, wakaubomoa.

Leo kazi ya namna ile ya njiti huitwa usanifu shirikishi, na mashirika mengi yanayowaelimisha raia kuhusu haki zao huitaja katika mipango yao. Kamiriithu iliifanya bila kulijua jina hilo, tena iliifanya katika kila kitu: jengo, mswada, nyimbo, hata hesabu za mishahara. Kisa chake husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mwandishi mmoja maarufu na kifungo chake. Hicho ni kipande kimoja tu, na si kile chenye mafunzo mengi zaidi kwa mtu anayetaka kuwaeleza watu wa kawaida jinsi ardhi inavyopotea au jinsi sheria inavyofanya kazi.

Kijiji chenyewe hakikuzaliwa kwa hiari ya wakazi wake. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wakoloni walitaka kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau na wananchi waliowapa chakula na habari. Katika miaka ya 1954 na 1955, zaidi ya watu milioni moja wa Kenya ya kati walihamishwa kwa nguvu kutoka maboma yao wakasongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyokuwa chini ya ulinzi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938, alirudi likizo kutoka shule ya Alliance mwaka 1955 akakuta boma lao limefutika; watu wake walikuwa wamehamishiwa Kamiriithu.

Wakati huohuo ardhi ilikuwa inapimwa upya. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulikusanya vipande vya mashamba vilivyotawanyika, ukaviunganisha na kuwapa wenyewe hati za kumiliki. Watu wengi wa eneo hilo walikuwa vizuizini au msituni wapimaji walipopita. Waliporudi walikuta mipaka imekwisha kuwekwa na majina yamekwisha kuandikwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, Kamiriithu ilikuwa makao ya kudumu ya watu ambao wengi wao hawakuwa na shamba: vibarua wa mashamba ya chai yaliyozunguka kijiji, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, na vijana wasio na kazi. Katikati ya kijiji kulikuwa na ekari nne zilizotengewa kituo cha vijana. Juu yake palikuwa na banda moja la udongo lenye vyumba vinne, lililokuwa likibomoka, na humo ndimo masomo ya ngumbaru yalimofanyika.

Mwaka 1976 mama mmoja wa kijijini alikwenda nyumbani kwa Ngũgĩ, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa idara ya fasihi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na tayari jina lake limevuma duniani. Mama huyo alisema alichojia bila kuzunguka: wamesikia kwamba ana elimu nyingi na anaandika vitabu, mbona yeye na wenzake hawawagawii wanakijiji kidogo ya elimu hiyo, pamoja na muda wao kidogo? Jumapili iliyofuata alirudi. Na iliyofuata tena. Alirudi mpaka profesa akakubali. Kwa hiyo wazo la kwanza lilitoka kwa mtu aliyekulia shida zenyewe, na wasomi ndio walioitwa wasaidie. Ngũgĩ alikuja pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Mafunzo ya Maendeleo ya chuo hichohicho, na wote wawili wakaingia katika kamati za kituo chini ya wanakijiji waliowachagua.

Afrika ilikuwa imekwisha kuona juhudi nyingi za kuwapelekea watu elimu kwa njia ya sanaa na mazungumzo. Kikundi cha wanafunzi wa Makerere kilikuwa kikizunguka Uganda na nchi jirani na michezo ya kuigiza tangu 1965, bila kiingilio. Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana na kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Botswana ilianza Laedza Batanani mwaka 1974, maigizo ya vijijini yaliyofuatwa na mjadala. Juhudi hizo zilifanya kazi kubwa, na Mtu ni Afya inastahili heshima yake yote. Lakini kwa kawaida ujumbe ulikuwa umekwisha kuandikwa mjini kabla haujafika kijijini. Mwanakijiji aliweza kuujadili na kuutekeleza, ila hakuwa na nafasi ya kuufuta mstari.

Kamiriithu walipata nafasi hiyo.

Mwezi Desemba 1976 kamati iliwaomba akina Ngũgĩ wawili waandike mchezo. Ulitakiwa kuwaburudisha watu, kuwaonyesha utamaduni wao, kuwapa waliohitimu ngumbaru kitu cha kuendelea kusoma, na kuiletea kamati fedha. Swali la lugha likajitokeza mara moja, na jibu likawa hilohilo ambalo kijiji kilizungumza: Kikuyu. Kwa Ngũgĩ, aliyekuwa ameandika riwaya zake zote kwa Kiingereza, hapo ndipo alipogeuka kuwa mwanafunzi. Rasimu ya Ngaahika Ndeenda ilikuwa tayari kufikia Aprili 1977, nayo ikasomwa mbele ya wanakijiji mwezi Mei na Juni. Msomaji wa Kiswahili anaujua mchezo huo kwa jina la Nitaolewa Nikipenda.

Usomaji huo ndio ulioutengeneza mchezo. Wazee walisikiliza mazungumzo wakakataa sehemu zilizosikika kama za kitabuni: mzee wa umri ule hamwambii kijana hivyo, fundi hasemi neno lile. Walikosoa nyimbo, wakasahihisha hatua za ngoma, wakaeleza sherehe fulani hufuata utaratibu gani. Kipande kizima cha gĩtiiro, wimbo wa kujibizana wa harusini, kiliandikwa neno kwa neno kutoka kinywani mwa bibi mmoja ambaye hakujua kusoma. Bunduki za bandia za kutumika jukwaani zilichongwa na mtu yuleyule aliyekuwa akiwatengenezea Mau Mau bunduki za kweli katika miaka ya 1950. Ngũgĩ alikuja kuandika baadaye, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, jinsi kazi hiyo ilivyombadilisha, na ukisoma ushahidi wake ni vigumu kutomwamini.

Halafu kuna hesabu ya viatu. Mchezo ulihitaji kueleza mshahara wa kiwandani ni kitu gani hasa, na waandishi hawakuwahi kufanya kazi kiwandani hata siku moja. Basi wafanyakazi wa idara moja ya kiwanda cha viatu waliketi wakakokotoa wenyewe: kwa siku wanatoa jozi ngapi, jozi moja inauzwa bei gani, na jumla ya mishahara ya mwezi ya wafanyakazi wote wapatao 3,000 ni kiasi gani. Matokeo ya hesabu yao yalikuwa kwamba viatu vya siku moja vilitosha kulipa mishahara ya watu wote kwa mwezi mzima. Wakajiuliza siku 29 zilizobaki wanamfanyia nani kazi. Mchumi angeweza kuwauliza juu ya gharama za ngozi, umeme na mitambo, na maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, hesabu ile ilikuwa yao, imetokana na jozi walizozigusa kwa mikono, na yeyote aliyetaka kuipinga angelazimika kuja na takwimu zake mezani. Katika mchezo, mhusika Gĩcaamba, mfanyakazi wa kiwandani, ndiye anayewaeleza jirani zake mambo ya namna hiyo.

Jirani hao ni Kĩgũũnda na mkewe Wangeci. Wana shamba la ekari moja na nusu, na hati yake inatunzwa ukutani mahali pa heshima. Tajiri Ahab Kĩoi wa Kanoru, mwajiri wa Kĩgũũnda, anamjia na habari za dini: yeye na Wangeci wameishi pamoja miaka yote bila ndoa ya kanisani, basi wafunge ndoa wabarikiwe. Mwana wa Kĩoi amekuwa akitoka na binti yao Gathoni, kwa hiyo wazazi wanadhani familia mbili zinakaribia kuwa ndugu. Arusi ya kanisani inataka suti, gauni, keki na karamu. Fedha zinatoka benki, na dhamana ni ile hati ya ukutani. Gathoni anapata mimba, kijana anamkana. Kĩgũũnda anapoteza kazi, mkopo haulipiki, benki inanadi shamba, na ardhi inaishia mikononi mwa haohao waliomshauri akope, waliokuwa wakiitaka wajenge kiwanda.

Ni jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Mkopo wa rehani ni somo gumu. Mwanasheria akilieleza kwa lugha ya mkataba, wasikilizaji huitikia kwa adabu na kurudi nyumbani bila kitu. Hapa somo zima limebebwa na kipande kimoja cha karatasi ambacho mtazamaji anakiona kikitundikwa ukutani, kikishushwa, kikipelekwa benki, kisha kisirudi. Limuru ya 1977 ilikuwa imejaa watu ambao hati zao, au za baba zao, zilikuwa zimesafiri njia hiyo. Walijua kila kituo cha safari, ila kila mmoja alikuwa amekipitia peke yake akidhani ni uzembe wake au bahati mbaya. Kwenye jukwaa waliona vituo vyote vimepangwa kwa mfuatano, na watu wanaofaidika katika kila kimoja.

Mazoezi yalifuata ratiba ya kazi za kijiji, yaani Jumamosi na Jumapili alasiri, tena mahali pa wazi. Yeyote aliweza kusimama akatazama na akasema. Watazamaji walimkatiza mwigizaji aliyekosea, wakamwonyesha jinsi ya kushika jembe au kumwamkia mkwe. Kĩmani Gecaũ, mhadhiri wa chuo kikuu aliyeongoza uigizaji, alilazimika kuongoza mbele ya mamia ya waongozaji wenzake. Kufikia siku ya ufunguzi, wengi waliojaa ukumbini walikuwa wameyakariri maneno. Ngũgĩ anasimulia kwamba katika miezi ile ulevi ulipungua kijijini, kwa kuwa watu walikuwa na mahali pa kwenda na kazi ya kufanya.

Linganisha hayo na yaliyotokea Nairobi mwaka mmoja kabla. Oktoba 1976 mchezo wa Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ulipewa siku chache tu katika Jumba la Maigizo la Taifa, kwa sababu wasimamizi wa jumba walikuwa wamelitengea kundi la dansi la Kifaransa na mchezo wa nyimbo kutoka Marekani. Jengo lenye jina la taifa lilikuwa na mlango mwembamba kwa habari za taifa lenyewe. Ujenzi wa ukumbi wa Kamiriithu ulichochewa na ugomvi huo pia: wajenzi wake walijua wasipojenga kwao watabaki kuomba nafasi kwa wengine.

Ngaahika Ndeenda ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, kwa kiingilio, na ukumbi ukajaa. Wikendi zilizofuata watu walikodi mabasi na teksi kutoka sehemu nyingine kuja Limuru. Kibali kilikuwa kimetolewa na mkuu wa wilaya ya Kiambu. Tarehe 16 Novemba kibali kilifutwa, na michezo ikasimama. Usiku wa kuamkia 31 Desemba polisi walimchukua Ngũgĩ nyumbani kwake. Amri ya kumweka kizuizini bila kufikishwa mahakamani ilitiwa saini na Daniel arap Moi, aliyekuwa makamu wa rais na waziri wa mambo ya ndani. Ngũgĩ alikaa gereza la Kamiti hadi Desemba 1978, miezi michache baada ya kifo cha Rais Jomo Kenyatta, na huko akaandika riwaya yake ya kwanza ya Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, juu ya karatasi za chooni. Alipotoka, chuo kikuu hakikumrudishia kazi yake.

Sasa lije jambo ambalo ni kiini cha historia hii. Mwaka 1980 maneno ya Ngaahika Ndeenda yalichapishwa kama kitabu, pamoja na riwaya ile ya gerezani. Vitabu viliuzwa madukani, na serikali haikuvipiga marufuku. Mchezo uleule, maneno yaleyale, tajiri yuleyule na hati ileile, viliruhusiwa kukaa katika kurasa. Kilichokataliwa ni watu 2,000 kuketi pamoja wakiuona, na mamia yao wakijua kwamba mstari fulani waliusahihisha wao. Mkuu wa wilaya hakuhitaji kuwa mhakiki wa fasihi kuona tofauti hiyo. Kitabu humfikia msomaji mmoja mmoja. Kijiji kilichojifunza kupanga jengo, kukokotoa mishahara na kusahihisha profesa kilikuwa kimepata mazoea ambayo yangeweza kuhamia kwenye baraza la chifu, kwenye chama cha ushirika, kwenye chama cha wafanyakazi.

Haimaanishi kwamba kazi ilikuwa kamilifu. Hotuba za Gĩcaamba ni ndefu, na mtu anasikia ndani yake sauti ya waandishi wawili wenye msimamo wa kisiasa zaidi kuliko ya mtu aliyetoka zamu kiwandani. Kikuyu, kilichowafungulia mlango wenyeji, kiliwaacha nje majirani waliokuja kufanya kazi Limuru kutoka sehemu nyingine za Kenya. Kikundi chenyewe kiliona pengo hilo. Kilipokutana tena kuandaa mchezo wa pili, Maitũ Njugĩra, kuhusu sheria za kazi na maisha ya vibarua wa mashamba ya walowezi katika miaka ya 1930, kilitia nyimbo za lugha kadhaa za Kenya na kutegemea zaidi vitendo na ngoma, ili asiyejua Kikuyu naye afuate.

Mchezo huo ulipangwa kufunguliwa katika Jumba la Maigizo la Taifa tarehe 19 Februari 1982. Wachezaji walifika wakakuta milango imefungwa na kibali hakikutolewa. Wakahamia ukumbi wa chuo kikuu kuendelea na mazoezi, na kwa siku kama kumi mazoezi hayo yakahudhuriwa na watu zaidi ya 10,000, mpaka chuo nacho kikafunga mlango. Tarehe 11 Machi serikali ilifuta usajili wa kituo cha Kamiriithu na kupiga marufuku maigizo katika eneo hilo. Siku iliyofuata malori ya polisi yaliingia kijijini. Walibomoa jukwaa na viti na vyumba vilivyoezekwa, kazi yote iliyoanza na njiti. Mahali hapo baadaye serikali ilijenga chuo cha ufundi.

Juni 1982 Ngũgĩ alikuwa London kuzindua tafsiri ya Kiingereza ya riwaya yake alipopata habari kwamba akirudi atakamatwa. Alibaki uhamishoni, akarudi Kenya kwa ziara tu miaka mingi baadaye, na akafariki dunia Marekani tarehe 28 Mei 2025. Ngaahika Ndeenda yenyewe ilirudi jukwaani Mei 2022, safari hii Nairobi, katika Jumba la Maigizo la Taifa, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Ilikuwa haki kuutazama mchezo huo pale ulipokuwa umezuiwa mwenzake. Lakini watazamaji wa 2022 walipewa mchezo uliokamilika. Mazoezi ya Jumapili alasiri, ambapo bibi asiyejua kusoma angeweza kumsimamisha mwigizaji, hayakuwa sehemu ya tiketi.

Mazoea ya Kamiriithu yalikuwa yamehamia kusini. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kĩmani Gecaũ walikimbilia Zimbabwe mwaka 1982, nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu na maelfu ya vijana waliotoka vitani wakijua kuimba usiku kucha katika mikutano ya kisiasa ya vijijini. Mwaka 1983 wasanii na walimu kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Murewa, mashariki ya Harare, kwa warsha ya sanaa za maendeleo. Baada ya hapo Ngũgĩ wa Mĩriĩ alisaidia kuanzisha chama cha vikundi vya maigizo ya jamii nchini humo, ZACT, mwaka 1986, na akakifanyia kazi hadi ajali ya gari ilipomuua mwaka 2008. Vikundi vya chama hicho vilitunga michezo yao vyenyewe, mitaani na vijijini, juu ya mambo yaliyowasumbua wenyewe.